Nina miaka 46 na shilingi 1,200,000: ninunue kinanda kipi, na nianzie wapi?

SWALI

Wapendwa wa safu ya muziki, salamu kutoka Arua, Uganda.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia yetu. Solfa, yaani zile do re mi, naisoma bila taabu, lakini kinanda sijawahi kukipiga. Mpiga kinanda wetu anahama mwakani na hakuna aliyejiandaa kushika nafasi yake. Nimedunduliza shilingi 1,200,000 na nataka kuanza sasa.

Nimetajiwa vinanda vitatu. Cha kwanza ni kipya, hakina jina ninalolijua, kina vibao 54 na taa zinazokuonyesha pa kubonyeza, bei 380,000. Cha pili ni Yamaha iliyotumika, imetoka Japani, vibao 61, wanataka 650,000. Adapta yake imeandikwa 100V. Cha tatu ni Casio CT-S300 mpya. Duka moja la Kampala limenitajia 950,000 na watanitumia kwa basi. Mwanangu anasema vyote hivyo ni vya kuchezea watoto, nisubiri hadi nipate pesa ya piano ya umeme yenye vibao 88.

Naishi chumba na sebule, na ukuta tunachangia na jirani mwenye mtoto mchanga. Umeme hukatika mara kwa mara, ila nina sola ndogo yenye betri ya volti 12. Nafasi yangu ni usiku, nikishafunga kibanda. Mpiga kinanda wetu ananiambia nijifunze ufunguo wa C peke yake, yaani do ikiwa C, nyimbo nyingine zote nitumie kitufe cha TRANSPOSE, kinachohamisha sauti ya kinanda chote. Je, ni kweli? Na vidole vya umri wangu vitakubali?

Mama wa sauti ya pili, Arua


JIBU

Mama, chukua Casio. Usisubiri vibao 88. Tunaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe hata ikiwa siku ya kununua bei imepanda au kinanda hicho kimekwisha dukani.

Kinanda cha kujifunzia kina mambo mawili yasiyo na mjadala: vibao vya saizi kamili, na uwezo wa kuhisi mguso. Mengine yote, idadi ya milio, midundo, taa, skrini, ni nyongeza.

Saizi utaipima kwa futi yako ya kushonea. Weka sifuri kwenye ukingo wa kushoto wa C, kibao cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwiliviwili, hesabu vibao vyeupe saba, usome kwenye ukingo wa kushoto wa C inayofuata. Kinanda cha saizi kamili kitakupa takriban sentimita 16.5. Ukisoma 14 au 15, hivyo ni vibao vidogo. Mkono utazoea umbali ambao haupo kwenye vinanda vingine, na siku utakapokaa kwenye kinanda cha kanisa kidole chako cha mwisho kitaangukia B wakati wewe unatafuta C. Vinanda vingi vya bei ya chini vyenye vibao 49 au 54 hushindwa kipimo hiki, na vinavyokipita hushindwa kinachofuata.

Kuhisi mguso maana yake ni hii. Chini ya kila kibao kuna vigusio viwili vya mpira vyenye kaboni. Kibao kikishuka, kimoja hugusa kabla ya mwenzake, na kinanda hupima muda uliopita kati ya migusano hiyo miwili. Muda mfupi ni ishara kwamba umepiga kwa nguvu, basi sauti hutoka kubwa. Muda mrefu, sauti hutoka laini. Kinanda kisichokuwa na hilo hutoa sauti ileile, upapase au utwange. Mtu akijifunza juu yake miezi sita, kidole gumba chake hubaki kizito na cha nne kinyonge bila yeye kujua, kwa sababu masikio hayajawahi kumwambia. Akihamia kinanda kinachohisi, kila noti ya gumba inaruka juu ya wimbo.

Kupima ni rahisi. Chagua sauti ya piano, bonyeza kibao kimoja polepole sana, kisha kibonyeze kwa nguvu. Usipime kwa sauti ya ogani. Milio mingi ya ogani haibadiliki kwa mguso hata kwenye kinanda kizuri. Na soma namba ya kinanda chenyewe, si maneno ya muuzaji. CT-S300 inahisi mguso, CT-S200 haihisi, na ukiziona zimekaa rafu moja utadhani ni kitu kimoja. Kwa Yamaha, PSR-E373 inahisi. PSR-E273 na PSR-F52 hazihisi. Ukikuta PSR-E373 mpya au iliyotunzwa vizuri kwa bei inayokaribia hiyo ya Casio, nayo ni chaguo jema kabisa. Kitakachokuwa tofauti kwako ni uzito: Casio ina kilo 3.3, Yamaha kilo 4.6, na kinanda cha kwaya hubebwa.

Kwa hiyo chenye taa kiache. Taa humfundisha mtu kufukuza taa. Zikizimwa, wimbo unapotea.

Mwanao ana haki katika jambo moja: piano ya umeme yenye vibao 88 vyenye uzito huimarisha vidole kuliko kinanda chochote chepesi, na anayetaka kupiga muziki wa piano wa Ulaya ataihitaji mapema. Wewe unataka kuongoza kwaya. Vibao 61 ni oktava tano; oktava moja ni kutoka C hadi C inayofuata. Sauti ya nne ikishuka hadi F ya chini na sauti ya kwanza ikipanda hadi A ya juu, zote zimo ndani na nafasi inabaki. Tena piano kama Yamaha P-45 ina kilo 11.5 na haitumii betri. Umeme ukikatika, mazoezi yamekwisha kwa usiku huo. Chombo unachoweza kukigusa kila siku kitakufikisha mbali kuliko kile unachokisubiri miaka miwili.

Hiyo Yamaha ya Japani hatuikatai moja kwa moja, lakini adapta yake usiichomeke kamwe. Japani wanatumia volti 100, sisi hapa Uganda 240. Adapta iliyoandikwa INPUT 100V itaungua, na inaweza kwenda na kinanda. Kinanda chenyewe kinahitaji umeme mdogo tu, hivyo kinaweza kuokolewa kwa adapta nyingine. Tazama nyuma au chini yake, karibu na tundu la DC IN. Utaona volti, kwa mfano 12V, na mchoro mdogo: nukta katikati, nusu duara kuizunguka, mstari mmoja unaelekea alama ya kujumlisha na mwingine alama ya kutoa. Mchoro huo unakuambia ncha ya ndani ya plagi ni chanya au hasi. Adapta mpya lazima iwe na volti zilezile, mchoro uleule, na milliampea sawa au zaidi. Milliampea zikizidi si tatizo, kinanda huchukua kinachohitaji. Mchoro ukigeuzwa, kinanda kinaweza kufa palepale. Muuzaji akikuambia "adapta yoyote itaingia", ni kweli itaingia, na ndiyo hatari yenyewe.

Na ukienda kukijaribu kinanda chochote kilichotumika, anza na kibao cha chini kabisa, kisha panda kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, kwa nguvu ileile, bila kuruka hata kimoja. Kibao kinachonyamaza, au kinachopiga kelele ghafla kuliko wenzake, kina uchafu au mpira uliochakaa. Vumbi la barabara zetu huingia humo. Kimoja fundi anaweza kukisafisha kwa spiriti isiyo na maji. Vikiwa vitano au sita, achana nacho. Fungua pia kifuniko cha betri uone kama chemchemi zimeota kutu ya kijani. Tikisa waya wa adapta na wa hedifoni taratibu sauti ikiwa inalia. Ikikatikakatika, tundu limelegea.

Casio ikitumwa kwa basi, omba duka likupigie simu ya video kabla ya kulifunga boksi, kinanda kikiwa kimewashwa, wapige vibao vyote 61 mbele yako na kukuonyesha namba CT-S300 pamoja na adapta. Uliza waziwazi kama adapta imo, na kama plagi yake ni ya pini tatu za mraba tunazotumia huku. Boksi liwe la kiwandani, na lisafirishwe juu ya mizigo, si chini ya magunia. Risiti iandikwe namba ya kinanda na muda wa dhamana.

Utabaki na 250,000. Igawe hivi: stendi 90,000, pedali (ya kukanyaga kwa mguu ili sauti irefuke) 60,000, hedifoni 50,000, betri za AA za kuchaji na chaja yake 50,000. Bei zikikataa, pedali ndiyo isubiri. Miezi miwili ya kwanza huihitaji. Hedifoni iwe ya waya. Zile za bluetooth huchelewesha sauti, unabonyeza sasa unasikia baadaye kidogo, na mapigo yote yanavurugika. Tundu la CT-S300 ni lile dogo la milimita 3.5, kama la simu za zamani, kwa hiyo jirani yako na mtoto wake watalala.

Kuhusu umeme: usiunge sola yako moja kwa moja na kinanda. Tundu la Casio hiyo linataka volti 9.5, na betri ya sola ya volti 12 inapochajiwa jua likiwa kali hufika hata volti 14. Tumia sola kuchajia betri ndogo. Kinanda kinakula betri sita za AA, na Casio wanasema seti mpya ya alkalini hudumu takriban saa 16. Kwa dakika 30 kila usiku hiyo ni karibu mwezi. Za kuchaji huisha mapema zaidi, ila unazichaji tena. Usichanganye kuukuu na mpya, na usiweke zile za bei rahisi kabisa ukazisahau ndani, huvuja na kula chuma. Ukitumia umeme wa ukutani, ukikatika chomoa. Umeme unaporudi ndipo huja na kishindo. Mvua ya radi, chomoa.

Sasa mwili. Vibao viwe sentimita 70 hadi 73 kutoka sakafuni, na kiti kiwe cha kimo ambacho viwiko vyako viko sawa na vibao au juu yake kidogo. Kiti cha plastiki cha kawaida mara nyingi ni kifupi. Weka mto mgumu. Fundi aliyeinamia cherehani mchana kutwa hufika kwenye kinanda mabega yakiwa karibu na masikio. Kabla ya noti ya kwanza, acha mikono ining'inie kando ya kiti sekunde kumi, kisha iinue kutoka kwenye kiwiko, viganja viwe kama vimeshika chungwa, kifundo cha mkono kiwe sawa, kisidondoke chini ya vibao. Ukihisi maumivu kwenye kifundo au chini ya gumba, simama. Uchovu mdogo wa misuli ni kawaida. Maumivu si kawaida, na kuyavumilia hakufundishi kitu.

Umri? Vidole vinavyoingiza uzi kwenye sindano na kupinda mshono wa shingo havina shida ya wepesi. Kinachomsumbua mtu mzima ni kwamba masikio yake yanajua wimbo unavyopaswa kuwa, hivyo anaukimbilia kwa kasi yake ya kweli tangu siku ya kwanza, anakosea palepale, na anarudia kosa hadi vidole vinalikariri kama sehemu ya wimbo. Mtoto hana haraka hiyo. Dawa ni polepole ya kweli, tutaifikia.

Hapa kwenye TRANSPOSE tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri uliopewa ndio utakaokugharimu zaidi.

Kitufe hicho hupandisha au kushusha kinanda chote kwa hatua za nusu sauti, yaani kutoka kibao hadi kinachofuata, vyeusi vikiwemo. Unapiga umbo la C, kinalia D. Kwa dharura kinafaa: padri ameanzisha wimbo kwenye ufunguo wa ajabu na huna sekunde ya kufikiri. Lakini anayekitegemea hukwama sehemu tatu. Mpiga gitaa akisema "twende G", yeye anaona C, hawaelewani. Kwaya ikipandisha ufunguo kwenye ubeti wa mwisho, lazima aondoe mkono katikati ya wimbo kutafuta kitufe. Na akisahau kukirudisha kwenye 0, wimbo unaofuata unaanza nusu sauti tatu juu, sauti ya kwanza inakwaruza koo, na hakuna anayejua tatizo liko wapi.

Wewe una kitu ambacho wapiga kinanda wengi wa kujifundisha hawana: solfa. Kwenye solfa, do inahama. Karatasi ikiandikwa juu kwamba do ni G, unaimba do re mi zako zilezile. Basi fanya hivyohivyo kwa mkono wa kushoto. Kodi ni sauti tatu zinazolia pamoja, na kodi nne zitabeba sehemu kubwa ya nyimbo mnazoimba. Zijifunze kwa solfa, kutoka chini kwenda juu:

do mi so, kwa vidole 5, 3, 1
do fa la, kwa 5, 2, 1
ti re so, kwa 5, 3, 1
do mi la, kwa 5, 3, 1

Vidole huhesabiwa kuanzia gumba, ambalo ni 1, hadi cha mwisho, 5, mikono yote miwili. Tazama jinsi mkono unavyobaki mahali pamoja. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kidole cha 5 hakiondoki kwenye do. Vingine vinasogea kibao kimoja tu. Kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, gumba linabaki kwenye so na vingine viwili vinashuka hatua moja. Wengi hufundishwa kuruka na umbo lilelile moja, C E G, kisha F A C, kisha G B D, mkono ukirukaruka kama panzi. Sauti hukatika kila badiliko na macho hayawezi kuondoka kwenye vibao.

Kwenye C hizo nne ni C E G, C F A, B D G na C E A. Kwenye G ni G B D, G C E, F shapu A D, na G B E; F shapu ni kibao cheusi kilicho kulia mwa F. Kwenye F ni F A C, F B flati D, E G C, na F A D; B flati ni kibao cheusi kilicho kushoto mwa B. Mpangilio wa mkono haubadiliki. Kitakachokusumbua ni kibao cheusi: kwenye G, kidole cha 5 kinapokwenda F shapu, usikinyooshe peke yake, sogeza mkono mzima ndani kidogo, kuelekea kwenye skrini, ili gumba nalo libaki juu ya vibao.

Mwezi wa kwanza kaa C. Mwezi wa pili G, wa tatu F, kisha D na B flati. Kila ufunguo mpya utachukua muda mfupi kuliko uliotangulia. Ukifika hapo TRANSPOSE itakuwa msaada wa dharura tu, kama ilivyokusudiwa.

Mkono wa kulia anza na vibao vitano, C D E F G, kidole kimoja kwa kimoja, na nyimbo unazozijua zinazokaa humo. Wiki ya tatu jifunze kupitisha gumba. Ngazi ya C, yaani noti nane kutoka C hadi C inayofuata, kwa mkono wa kulia ni 1 2 3 1 2 3 4 5. Gumba linapita chini ya kidole cha 3 kwenda F. Lianze safari mapema, wakati kidole cha 2 bado kiko D, likiteleza polepole chini ya kiganja. Likisubiri hadi mwisho, kiwiko kitaruka nje na F italia kwa kishindo. Mkono wa kushoto kupanda ni 5 4 3 2 1 3 2 1. Angalizo la F: kulia ni 1 2 3 4 1 2 3 4, ili kidole cha 4 kianguke kwenye B flati. Wengi hutumia vidole vya C kwenye F na kushangaa kwa nini wanajikwaa kila siku palepale.

Usibandike herufi kwenye vibao vyote. Weka alama ndogo kwenye C ya katikati tu, na wiki ya pili uitoe. Vibao vyeusi vimepangwa viwiliviwili na vitatuvitatu; C iko kushoto ya viwili, F kushoto ya vitatu. Macho yatazoea ndani ya siku chache.

Kila usiku dakika 20 hadi 30, siku tano au sita kwa wiki. Saa tatu za Jumamosi peke yake hazilingani na hizo, kwa sababu vidole hujifunza kati ya siku na siku, ukiwa umelala. Dakika chache za mwanzo ngazi moja, mikono kando. Kisha kazi yenyewe: mistari miwili ya wimbo, si zaidi, hata kama ubeti una minane.

Fanya hivi. Washa metronomu, kihesabu mapigo kilichomo kwenye kinanda, mapigo 50 kwa dakika. Mkono wa kulia peke yake hadi upite mara tatu mfululizo bila kosa. Mkono wa kushoto vilevile. Kisha kabla ya kuunganisha, piga wa kulia huku wa kushoto ukigonga tu paja lako kila kodi inapobadilika. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofundisha kichwa lini mkono wa kushoto unaingia kabla hujausumbua kutafuta pa kubonyeza. Sasa unganisha, mapigo 40. Ikipita mara tatu, ongeza mapigo manne. Ikivunjika mara mbili, rudi nyuma manane. Usizime metronomu kwa sababu inakuudhi. Inakuudhi kwa sababu inakuonyesha ulipopunguza mwendo kutafuta kibao.

Na usianze wimbo mwanzo kila mara. Ukianza mwanzo kila siku, mstari wa kwanza utakuwa hodari na wa mwisho mgeni, na kwenye ibada ni mwisho unaosikika. Wiki hii jifunze mistari miwili ya mwisho, wiki ijayo inayotangulia. Kila ukipiga utakuwa unaelekea mahali unapopafahamu.

Midundo ya kinanda, ile ngoma na besi vinavyojipiga, iache miezi mitatu. Ni mitamu, na huficha makosa ya mapigo yako.

Pedali ikija, kisigino kikae sakafuni, kanyaga kwa mbele ya wayo. Hapa uzoefu wa cherehani utakuvuta upande mbaya, kwa sababu mguu wako umezoea kukanyaga kwa mwendo usiokatika. Pedali hainyanyuliwi kwa mapigo. Hunyanyuliwa kwa kodi. Kodi mpya inapolia, mguu unapanda wakati huohuo, kisha unakanyaga tena mara moja, kabla vidole havijaondoka. Ukikanyaga pamoja na vidole, sauti ya kodi ya zamani itabaki chini ya mpya kama matope. Ukiona pedali inafanya kinyume, sauti inarefuka usipokanyaga, zima kinanda, hakikisha plagi ya pedali imeingia hadi mwisho, toa mguu kabisa, washa upya. Chanzo kinaweza kuwa mguu uliokuwa juu yake wakati wa kuwasha.

Mwalimu hahitajiki kila wiki. Huyo mpiga kinanda wenu, kabla hajahama, mwombe nusu saa mara mbili kwa mwezi, na umwambie atazame mikono yako, asikufundishe wimbo. Wimbo utajifunza mwenyewe; kifundo kilichodondoka huwezi kukiona. Kati ya ziara, weka simu pembeni ya kinanda ijirekodi video dakika mbili, uitazame bila sauti kwanza.

Vumbi na mende ndio maadui wa kinanda huku kwetu. Mende hupenda joto la ndani. Kishonee kifuniko cha pamba iliyofumwa kwa kubana, si plastiki, inayohifadhi unyevu. CT-S300 ina urefu wa sentimita 93, upana 25.6 na kimo 7.3, hivyo kata kitambaa cha 113 kwa 45, bana pembe nne, na una nafasi ya pindo.

Kwa dakika 20 za kweli kila siku, tarajia kufuatana na kwaya kwenye wimbo mmoja wa polepole mwishoni mwa mwezi wa nne, na ibada nzima ya nyimbo ulizoandaa karibu na mwaka. Mara ya kwanza usipige sauti zote nne. Mkono wa kushoto upige do, fa au so moja ya besi mwanzoni mwa kila mstari, wa kulia ushike kodi na kuziacha zilie, kwaya iimbe wimbo wenyewe. Ukikosea, usirudi nyuma kusahihisha. Endelea na pigo linalofuata, waimbaji hawatakusubiri, na zoezi hilo lifanye nyumbani kwa kupiga wimbo hadi mwisho mara moja kila usiku bila kusimama hata ukivunjika.

Ukiunga na miksa ya kanisa, tumia waya wenye plagi ya milimita 3.5 upande wa kinanda na plagi mbili za 6.3 upande wa miksa, sauti ya kinanda ikiwa nusu. Washa kinanda kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Kabla ya noti ya kwanza tazama skrini: TRANSPOSE iko 0, sauti iliyochaguliwa ni piano, betri zimejaa.